Kusini hatuna ngano, mikate tunayo! Ila shangazi halipwi

Msomaji wangu, leo tuongee mambo ya tumbo. Wenzetu wa Hanang, Karatu na Makete wakivuna ngano wana haki ya kujidai. Sisi wa Mtwara tukisikia sherehe ya mavuno ya ngano tunabaki kutazamana. Ngano gani tena? Pita shamba kwa shamba kutoka Mtawanya mpaka Nanyamba, kisha shuka bonde la Ruvuma kule Kitaya na Mahurunga. Utakuta mikorosho, mihogo, mtama, mahindi, kunde, mbaazi, ufuta na mpunga. Ngano hata ya kumdanganyia kuku huioni.

Wala si uvivu wa Wamakonde, kama wanavyopenda kututania huko Dar. Ngano ni zao la ubaridi. Ndiyo maana hapa nchini inalimwa milimani na nyanda za juu, kule ambako asubuhi watu wanatoka na makoti. Ukiileta kwenye joto la Msimbati utakuwa umewapa ndege kifungua kinywa.

Sasa njoo siku ya shughuli. Mwali anatolewa, au harusi imeiva, au maulidi inasomwa Mikindani. Angalia masinia yanayopita: mkate wa kumimina, vitumbua, vileja, vibibi, kaimati, maandazi, na keki ya ghorofa mbili imesimama pembeni kama mgeni rasmi. Ukihesabu vizuri, vile vinne vya mwanzo havina ngano hata chembe. Ni mchele, tena mara nyingi mchele wa kwetu.

Kwa hiyo mikate ya mavuno tunayo siku nyingi, isipokuwa hatuiiti hivyo. Na kwa kuwa hatuiiti jina lake, anayeipika naye hatumhesabu. Hapo ndipo leo ninapotaka tubanane kidogo.

MAVUNO YAKIINGIA, NGOMA INALIA

Huku Kusini kalenda ya starehe inafuata jembe. Mvua zikikatika, kuanzia mwezi wa tano na kuendelea, mpunga, mtama na mahindi vinaingia ndani. Ghala likishajaa, ndipo wazee wanapoanza kunong'ona habari za jando na unyago. Haina uchawi wowote hiyo. Huwezi kuwaita ndugu kutoka Newala, Tandahimba na ng'ambo ya Ruvuma waje kukesha kwako wakati huna cha kuwalisha. Ngoma inataka shibe.

Siku ile wali wanatolewa nje, mji mzima unahamia kwenye uwanja wa mwenye shughuli. Khanga mpya, vigelegele, noti zinabandikwa kwenye paji la uso. Nyakanga anatamba, wapiga ngoma wanalowa jasho. Lakini kabla ya yote hayo kuna kitu kinaitwa chai ya asubuhi, na chai ya wageni haiendi kavu. Akina mama wako jikoni tangu usiku wa manane. Kuna anayetwanga, kuna anayekuna nazi, kuna anayegeuza vitumbua huku moshi ukimtoa machozi.

Wakristo nao wana lao. Kule Masasi, ambako misheni ya Waanglikana ilianza mwaka 1876, Askofu Vincent Lucas, aliyekuwa askofu wa kwanza wa dayosisi hiyo kuanzia mwaka 1926, alijulikana kwa kuliingiza jando kwenye utaratibu wa Kanisa badala ya kulipiga marufuku. Na mpaka leo, katika makanisa mengi nchini, ikifika Jumapili ya mavuno watu wanapeleka mazao yao mbele ya madhabahu. Ibada ikiisha ni mnada: boga linapanda bei, jogoo anagombewa, na mkate wa mama fulani unauzwa mara tatu kwa sababu kila anayeununua anaurudisha uuzwe tena.

Hata Wazungu wenyewe walianza hivyohivyo. Uingereza kuna sikukuu ya zamani iitwayo Lammas, tarehe 1 Agosti. Jina lake linatokana na Kiingereza cha kale, maana yake ni misa ya mkate. Watu walipeleka kanisani mkate uliotokana na ngano ya kwanza ya msimu ule. Angalia vizuri hapo: ngano ya kwao, mkate wa kwao. Hawakusubiri mchele utoke Mahurunga ndipo washerehekee.

MKATE WA KUMIMINA, SI WA KUKANDA

Kuna vijana wanaamini kwamba kisicho na ngano si mkate, ni kitafunwa tu. Jamani! Tofauti ni ya kiufundi, si ya heshima.

Ngano ina sifa moja ya pekee. Ukiikanda na maji inakuwa na mvutano, inanyumbuka kama Big G. Hamira ikitoa hewa, ule mvutano unaikamata ile hewa isitoroke, na ndiyo maana boflo inaumuka na kusimama. Mchele hauna mvutano huo. Muhogo hauna. Ukiukanda unga wa mchele kama unavyokanda maandazi utabaki unalaumu hamira bure.

Bibi zetu wa pwani hawakwenda chuo cha upishi, lakini hilo walilijua. Wakaachana na kukanda, wakafanya uji mzito, wakaumimina kwenye chombo cha moto, na kuupa moto wa chini na wa juu kwa pamoja ili ushikwe kabla hewa haijatoka. Ndiyo siri ya mkate wa kumimina. Oveni ya bibi ni sufuria, mfuniko na makaa.

Kwa wale masela wanaoishi geto na sista duu waliokimbia jiko, mambo yenyewe ni haya. Chukua mchele nusu kilo, uoshe, uloweke usiku kucha. Asubuhi mwaga maji, usage mchele pamoja na tui zito la nazi, kama kikombe kimoja na nusu, na iliki, mpaka ulainike kabisa usisikie chenga. Ukiwa na blenda sawa, usipokuwa nayo kinu kipo. Tia hamira kijiko kimoja cha chai, funika, weka mahali penye joto. Ukishaumuka, ongeza sukari robo kilo, na ukitaka uwe mwepesi zaidi tia ute wa yai moja uliopigwa mpaka ukatoa povu. Koroga taratibu.

Pasha sufuria yenye mafuta kidogo, mimina, acha moto mdogo chini. Ukiona vitobo juu na ukingo umeshikana, funika kwa mfuniko wa bati na upalie makaa juu yake, huku chini ukipunguza. Baada ya nusu saa hivi choma kijiti katikati. Kikitoka kikavu, kazi imekwisha. Subiri upoe ndipo uukate. Wenye pupa wanaukata wa moto, unawavunjikia, halafu wanasema wamerogwa.

KEKI YA MJINI NA PESA YA KOROSHO

Sasa tuje kwenye uchungu wenyewe. Pesa ya kweli ya Mtwara haitoki kwenye mpunga, inatoka kwenye korosho. Minada inaanza kwenye Oktoba, na malipo yakiingia mji unabadilika. Mwaka 2017 kilo moja ilivuka shilingi 4,000 kwenye minada, na stori zikavuma nchi nzima kwamba Mtwara mbuzi wananyweshwa soda. Mwaka uliofuata bei ikayumba, wakulima wakagoma kuuza, na Novemba 2018 Serikali ikaingia yenyewe kununua kwa shilingi 3,300 huku jeshi likisomba mzigo. Waliokuwa wameshapanga harusi wakajua hawajui. Wazee wakakumbuka enzi za Rais Benjamin Mkapa, mzaliwa wa Lupaso kule Masasi, ambapo vijana wa mjini waliubatiza ukosefu wa pesa jina la "ukapa".

Ila pesa ikiwepo, siku hizi mnuso bila keki ya kuagiza haujakamilika. Kamati inakaa, daftari linafunguliwa: ukumbi, muziki, gari, picha, keki. Kila kimoja kina bei yake na malipo ya awali. Fundi keki wa mjini hachukui ahadi, anataka chake mkononi kabla hajavunja yai. Safi kabisa, ndiyo biashara.

Halafu geuza ukurasa wa daftari hilohilo, tafuta jina la shangazi. Hulioni. Shangazi aliyeamka saa nane za usiku, aliyesaga mchele, aliyekuna nazi 20, aliyepalia makaa mpaka nyusi zikaungua. Yeye ameandikiwa "wapishi: khanga". Tena khanga ya sare, ambayo mara nyingine ameichangia mwenyewe!

Ukiuliza, unajibiwa kwamba hii ni shughuli ya ukoo, na mtu hamlipi ndugu yake. Sikatai, kusaidiana ndiko kunakotushikilia. Leo kwako, kesho kwangu. Lakini mbona yule MC ambaye naye ni binamu yetu analipwa? Mbona kijana wa muziki aliyezaliwa nyumba ya tatu analipwa? Undugu unaanza na kuishia jikoni tu? Kitu kikipikwa na mwanamke kwa unga wa nyumbani tunakiita msaada. Kikipikwa na yeyote kwa unga wa dukani, kikapakwa rangi ya waridi, tunakiita huduma.

Kijana anayesoma hapa anaweza kusema hayo ni mambo ya wazee. Si kweli. Shangazi huyohuyo ndiye aliyelipa daftari zako za shule kwa vitumbua vya kila asubuhi pale barazani. Akitumia mchele wake wa gunia zima kwenye shughuli za watu, ule mtaji wa vitumbua unatoka wapi Jumatatu?

UNGA UNAOPANDA MELI

Tuiangalie hiyo ngano yenyewe. Nchi yetu inahitaji takriban tani milioni moja za ngano kwa mwaka, na tunachovuna wenyewe hakifiki hata robo yake. Nyingine inaletwa na meli. Inasagwa, inatiwa kwenye mifuko, inapakiwa kwenye lori, inateremka kilomita zaidi ya 500 kutoka Dar mpaka Mtwara. Kabla daraja la Mkapa halijafunguliwa pale Rufiji mwaka 2003, magari yalivuka mto kwa pantoni, na masika ikikolea safari ya Kusini ilikuwa bahati nasibu. Watu wa makamo wanakumbuka maduka yasiyo na unga na watu wakirudi kwenye muhogo wao kimyakimya.

Leo lami ipo, lakini utegemezi uko palepale. Februari 2022 Urusi iliivamia Ukraine. Nchi zote mbili ni wauzaji wakubwa wa ngano duniani. Mtu anaweza kusema, vita ya Ulaya inanihusu nini mimi wa Chikongola? Ilikuhusu, tena asubuhi na mapema. Unga ulipanda bei, andazi likanywea. Wengine walipandisha bei, wengine waliacha bei ilivyo wakapunguza ukubwa mpaka andazi likawa kama kishikizo cha koti. Vitumbua navyo vina shida zake, mchele unapanda na nazi zinapanda, lakini havikupigwa na bomu la mbali kiasi kile.

Na ajabu iko hapa: bandari yetu inatoa korosho, nyingi yake ghafi, kwenda India na Vietnam zikabanguliwe huko. Halafu tunakaa kungoja ngano ya watu ije kutupambia harusi. Korosho zilizovunjika, ambazo bei yake huwa chini ya nzima, ukizisaga unapata unga wenye mafuta na utamu wake. Ukizichanganya kwenye vileja, mgeni anaomba mfuko wa kubebea.

MUHOGO JAMANI, ILA KWA ADABU

Ngano nayo si lazima iwe peke yake kwenye mkate. Nigeria, wenzetu wanaokula mikate kuliko sisi, mwaka 2005 Serikali yao ilitaka unga wa kuokea uchanganywe na asilimia 10 ya unga wa muhogo. Utekelezaji ulisuasua, wenye viwanda walilalamika, lakini mkate ulitoka na watu wakala. Kwa kiwango hicho ule mvutano wa ngano bado unatosha kuusimamisha mkate.

Hapa kwetu kituo cha utafiti wa kilimo cha Naliendele, nje kidogo ya mji, kinajulikana kwa korosho, lakini muhogo, karanga na ufuta navyo ni vya kwake. Na kwenye maonyesho ya Nane Nane ya Kanda ya Kusini, viwanja vya Ngongo kule Lindi, banda la kina mama wasindikaji halikosi keki na biskuti za muhogo. Tatizo letu tunaonja, tunasifia, tunarudi nyumbani kununua boflo.

Angalizo kubwa, na hapa naomba usiruke mstari. Muhogo mchungu una sumu. Mwaka 1988, ukame ulipobana Masasi, watu waliokuwa na njaa walishindwa kungoja siku zote za kuuandaa. Wakauharakisha, na wengi wakalewa sumu yake. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mkoa wetu ulipata wagonjwa wa konzo, ule ugonjwa unaopooza miguu, na mara nyingi watoto na akina mama ndio waliopigwa. Kwa hiyo wewe unayetaka kujaribu keki ya muhogo, tumia muhogo mtamu, au unga ulioandaliwa na mtu anayejua: uliovundikwa, ukaanikwa ukakauka kwelikweli. Njia ya mkato kwenye muhogo inaelekea hospitali. Na hilo ndilo jambo jingine tusilomlipa shangazi: ule ujuzi wa kukulisha bila kukuua.

TUFANYEJE?

Kusini tuna tamasha la ngoma la MaKuYa, lililoanza Mtwara mwaka 2008, jina likitokana na Makonde, Makua na Yao. Vijana wameona kwamba ngoma ya bibi inaweza kupandishwa jukwaani ikashangiliwa. Basi mkate wa bibi nao unaweza. Haihitaji mfadhili wala suti. Mtaa mmoja, Jumamosi moja baada ya mavuno, kila nyumba ilete mkate mmoja uliotokana na kilichovunwa huku: mchele, mtama, muhogo, korosho, ndizi. Watu waonje kwa kulipa. Mshindi apewe gunia la mkaa na jina lake litangazwe kwenye spika, kama tunavyotangaza wafungaji wa magoli pale Nangwanda.

Wenye harusi nao, badala ya keki ya ghorofa mbili, wapange mikate ya kumimina mitano, mmoja juu ya mwingine, maua juu, iliki inanukia ukumbi mzima. Picha itatoka bomba ile mbaya. Wanaotaka keki ya ngano waendelee, hakuna aliyekatazwa. Ninachoomba ni daftari la kamati liwe na haki.

Siku mkikaa kupanga bajeti, andikeni hivi: mchele, nazi, sukari, hamira, iliki, mkaa, halafu mstari wa saba, mkono wa mpishi. Mstari huo usiandikwe "khanga". Uandikwe pesa taslimu, na apewe kabla ya shughuli kama anavyopewa fundi keki, kwa sababu naye anatangulia kununua vitu. Akikataa kwa heshima ya ukoo, mwachieni akatae mwenyewe. Msimkatalie ninyi.

Na wewe dogo uliyemaliza fomu foo unazunguka na bahasha, nenda kaombe kusimama karibu na jiko la shangazi wiki mbili. Jifunze uzito wa uji, ukali wa moto, na lini uupalie. Watu wa ofisi hawana muda wa kuloweka mchele, lakini saa kumi jioni ya Ramadhani wote wanautaka mkate wa kumimina. Hapo pana mshiko. Ila ukianza kuuza, fungu la kwanza la faida lina mwenyewe, na mwenyewe unamjua jina.

Haya, tukutane wiki ijayo panapo majaliwa. Atakayepata mkate wa moto asisubiri upoe peke yake.